Mkia wa Msafara

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Linda Ekitela alimsaidia mama yake kukamua mbuzi. Zizi lao lilikuwa nyuma ya jiko, kule Kiwanjani, pembezoni mwa mji wa Isiolo. Mama alikamua, Linda akashika watoto wa mbuzi wasije wakamaliza maziwa yote. Kila mmoja aliponyonya fungu lake, Linda alimbeba begani, kichwa chake kikiegemea shingoni, akamrudisha bandani huku mtoto huyo akilalamika kana kwamba ameonewa. Mbuzi wa akina Linda hawakuwa wengi, lakini walikuwa na maneno mengi.

Linda aliipenda kazi hiyo. Lakini juma lile kulikuwa na jambo lililomsumbua. Sikio lake la kushoto lilianza kwa kuwasha. Kisha likauma, maumivu ya kuchoma yaliyokuja na kuondoka. Akachukua njiti ya kiberiti, akaizungushia pamba, akajaribu kulisafisha. Dawa yake hiyo ikaharibu mambo zaidi, kwa maana tangu siku hiyo sikio liliziba na kubaki likivuma tu.

"Linda, nikuite mara ngapi?" Mama alimuuliza asubuhi ya Ijumaa, akiwa amesimama kushoto kwake. "Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Lako hata chai halisikii."

Linda akacheka na kwenda kuchukua kikombe. Sikio hakulitaja. Alijua wazi kwamba akisema, Mama atampeleka hospitali kesho yake, na kesho yake ilikuwa ile Jumamosi aliyoingoja tangu muhula uanze. Klabu ya mazingira ya shule yao ilikuwa inakwenda kutembea msituni, kule juu ya Leparua. Mwalimu Mugendi alikuwa amewaahidi miti mikubwa, mbega na kijito kisichokauka. Kwa mtoto aliyezoea vumbi la Isiolo, kijito kisichokauka kilikuwa jambo la kwenda kuliona kwa macho.

Basi akajifunza ujanja. Mtu akisema jambo ambalo hakulisikia, alitabasamu na kuitikia kwa kichwa. Watu hupenda mno kuitikiwa, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Hasara ilikuwa ndogo ndogo tu. Siku moja aliitikia kwa kichwa akajikuta amekubali kuosha vyoo vya gredi ya nne. Kirimi, mvulana aliyekaa naye dawati moja, alimcheka hadi kengele ya kurudi nyumbani.

*

Jumamosi gari la shule liliwashusha mbele ya ofisi ndogo ya hifadhi ya jamii. Hawakuwa peke yao. Walikuta wasafiri wengine wawili ambao wangetembea pamoja nao. Mmoja alikuwa Mzee Ahmednur, fundi wa nguo kutoka mjini Isiolo, mwenye kofia nyeupe na viatu vya raba vilivyong'aa kwa upya. Wa pili alikuwa Sista Gacheri, muuguzi mstaafu aliyetoka Meru, mama mnene mwenye sauti ya upole na fimbo mkononi.

"Salaam aleikum," Mzee Ahmednur aliwasalimu. "Daktari ameniambia nitembee. Nikamwambia mimi hutembea kila siku, kutoka kwenye cherehani hadi kwenye chai. Akakataa."

Kiongozi wao alikuwa skauti wa hifadhi aitwaye Akidor, mwanamke mrefu aliyevaa sare za kijani. Aliposikia jina la Ekitela alimsalimu Linda kwa Kiturkana, "Ejoka?" naye Linda akajibu kwa furaha. Mwenzake Akidor, Lochoro, alikuwa na bunduki na redio ya mkononi. Yeye angetangulia mbele kidogo kuangalia kama kuna wanyama njiani.

"Tutaenda kwa mstari mmoja," Akidor alisema. "Mimi ni kichwa. Mtu wa mwisho ni mkia, na mkia ndiye mwenye hii." Akainua filimbi iliyofungwa kamba nyekundu. "Ukitaka kutoka njiani kwa sababu yoyote, unamwambia aliye nyuma yako. Habari inafika kwa mkia, mkia anapuliza mara moja, na sisi sote tunasimama. Na ukijikuta umebaki peke yako, usitembee. Kaa pale pale. Kwa hiyo nataka mkia mwenye macho, masikio na utulivu. Mwalimu, nani?"

"Linda," Mwalimu Mugendi alijibu bila kufikiri mara mbili. "Huyu ukimwachia darasa, unalikuta."

Linda alijawa na furaha kiasi cha kusahau sikio. Hakuwahi kuchaguliwa kitu mbele ya watu wageni. Lakini Akidor hakumpa filimbi papo hapo.

"Kwanza tutaje miguu," alisema.

Wanafunzi walitazamana. Akidor akawapanga mduara, akaeleza. "Baba yangu akitaka kuhamisha mbuzi, kabla ya kufungua boma huangalia miguu yote. Mbuzi anayechechemea anawekwa mbele, na kundi lote linakwenda kwa mwendo wake. Ukimweka nyuma, kundi utalifikisha majini, lakini yeye utamkuta ndani ya tumbo la fisi. Sasa nyinyi si mbuzi, siwezi kuwapapasa magoti. Kila mmoja ataje mwenyewe kitu kinachomsumbua leo. Na hakuna kucheka."

Mwalimu Mugendi alianza. Alikohoa kidogo, akakiri kwamba anaogopa nyoka, hata wale wa kwenye picha. Wanafunzi waliuma midomo. Sista Gacheri alitaja goti lake la kulia. Sadiya alisema viatu alivyoazima kwa dada yake vinambana vidole. Mzee Ahmednur alisema ana ugonjwa wa sukari, akapiga mfuko wa koti. "Hapa nina peremende. Mkiona nimeanza kuzungumza ovyo, nipeni moja upesi."

Kirimi alitaka kuuliza watajuaje tofauti, lakini alikumbuka hakuna kucheka. Badala yake alisema, "Mimi ni tumbo. Jana baba alileta maembe kutoka Kinna."

"Ulikula mangapi?"

"Yote, anti."

Akidor akamwonyesha nafasi karibu na mwisho wa mstari, ili akihitaji kichaka asisumbue wengi. Kisha akamgeukia Linda. "Na wewe, mkia wetu?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Sikio. Neno dogo tu, na kila mtu pale alikuwa ametaja lake bila kufa. Lakini filimbi ilikuwa inaning'inia mkononi mwa Akidor, na nani angempa filimbi mtu wa sikio moja? Linda akatabasamu.

"Mimi niko sawa," alisema.

Akidor akamvisha ile kamba nyekundu shingoni. Linda alihisi kama ameimeza.

*

Walipanda mlima katika jua kali, katikati ya miiba na mawe, hadi Mzee Ahmednur akaanza kumlaumu daktari wake kwa sauti. Kisha njia ikateremka kwenye korongo, na hewa ikabadilika. Kulikuwa na kivuli na harufu ya majani mabichi. Mierezi ilisimama mirefu, na chini yake kijito kilipita juu ya mawe kikiwa na maji kweli kweli. Sadiya alichutama akayashika kwa viganja viwili. "Kumbe Mwalimu hakutudanganya," alisema.

Akidor aliongoza polepole, kwa mwendo wa goti la Sista Gacheri. Sadiya na viatu vyake alikuwa amewekwa mbele pia. Mara kwa mara Akidor alisimama, akanyoosha kidole, akasema kitu. Wenzake waligeuza vichwa kusikiliza ndege. Alipowaonyesha mwamba wenye nyuki huko juu, Kirimi alianza kusimulia asali. Linda aliwaona wakitabasamu, naye akatabasamu, ingawa upande wake msitu ulikuwa unavuma tu kama redio iliyopoteza kituo. Alihuzunika. Alikuwa ameingoja siku hii kwa hamu, na sasa nusu yake ilikuwa inampita bila yeye kuisikia.

Walifika mahali ambapo mwerezi mkubwa ulikuwa umeanguka na kuziba njia. Kila mtu alilazimika kuupanda na kushukia upande wa pili. Mwalimu Mugendi, ambaye hadi hapo alikuwa anatembea mbele ya Kirimi, alikwenda kuwashika mkono Sista Gacheri na Mzee Ahmednur. Wakati huohuo familia ya mbega ilipita juu ya miti, mikia yao myeupe ikipepea, wakiruka kutoka tawi hadi tawi.

Linda aliinua uso kuwatazama. Kirimi akaja karibu naye, upande wa kushoto, akasema jambo. Linda aliona midomo yake ikicheza kwa pembe ya jicho. Akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, akarudisha macho kwa mbega.

Aliposhusha uso hakumwona Kirimi. Aliona mgongo wa mwanafunzi mwingine ukishuka upande wa pili wa gogo, akadhani Kirimi ameshavuka. Akapanda, akashuka, akaharakisha. Njia ilikuwa na kona nyingi, na kila alipochungulia aliona watu, akajiambia kuwa Kirimi yuko huko mbele anapiga soga. Kirimi na soga ni chanda na pete.

Ghafla mstari ulisimama. Lochoro alikuwa amerudi, akitembea kwa kunyata, mkono juu. Akidor akaweka kidole mdomoni na kuwaongoza kwa ishara kutoka njiani, wakapanda mwamba mpana uliokuwa juu ya kijito. Wakakaa wakiwa wamesongamana. Hapo ndipo Linda alipowaona: chini, kwenye maji, tembo walikuwa wanakunywa. Mmoja alikuwa na mtoto mdogo aliyejificha kati ya miguu yake.

"Wakimaliza watapanda kwa njia hii tuliyopita," Akidor alinong'ona. "Tukikaa hapa kimya hawana neno na sisi. Lakini mama mwenye mtoto hataki kushtuliwa." Kisha macho yake yakapita juu ya watu, mmoja baada ya mwingine, yakarudi tena. "Yule wa maembe yuko wapi?"

Wote waligeuka kutazama nyuma. Kirimi hakuwapo.

Linda aliikamata filimbi, lakini Akidor akaushika mkono wake. "Hapana. Si sasa. Ukipuliza utawashtua."

"Kijana huyu amekuwa akisimulia asali tangu tuingie," Mwalimu Mugendi alinong'ona, uso umempauka. "Kule kwenye ule mwamba wenye nyuki. Atakuwa amepanda kule."

Lochoro aliangalia juu kuelekea mwamba wa nyuki, kisha akaangalia nyuma walikotoka. Zilikuwa njia mbili, na yeye alikuwa mmoja. Tembo walikuwa wameanza kujipulizia vumbi, ishara kwamba wamekaribia kuondoka.

Akidor akachutama mbele ya Linda. "Wewe ndiwe mkia. Alikuambia kwamba anatoka njiani?"

Hapo jibu rahisi lilikuwa mbele yake, limeshapikwa. Hakuniambia. Nani angebisha? Hata yeye mwenyewe hakuwa amesikia neno. Kosa lingekuwa la Kirimi, mtoto mtundu aliyefuata nyuki, na filimbi ingebaki shingoni mwake. Lakini alikumbuka ile midomo iliyocheza, na kichwa chake mwenyewe kikiitikia. Akamwona Kirimi akiwa peke yake mahali fulani, na Lochoro akipanda upande asiko.

"Aliniambia," alisema. Sauti ilimtoka kwa shida. "Lakini sikumsikia. Sikio langu la kushoto limeziba juma zima. Niliitikia tu kwa kichwa. Niliposema niko sawa, nilidanganya, anti."

"Alikuambia mkiwa wapi?"

"Kwenye ule mti ulioanguka. Hajavuka. Yuko upande ule wa nyuma."

Alingoja kukaripiwa. Akidor alimshika bega tu. "Asante. Sasa tunajua pa kwenda," alisema, akamgeukia Lochoro. "Zunguka kwa juu ya mawe hadi kwenye gogo. Upepo uko upande wako." Lochoro akaondoka bila kuvunja hata kijiti.

*

Kungoja kule Linda hakukusahau. Mzee Ahmednur alitoa tasbihi, midomo ikawa inacheza bila sauti. Sadiya alijikunyata karibu na Linda bila kumtazama. Linda aliona aibu, lakini woga ulikuwa mkubwa kuliko aibu. Alimwomba Mungu amlinde Kirimi, akaahidi kuosha vyoo vya gredi zote ikiwa ndiyo bei. Kisha akahisi kitu kikiwekwa kiganjani mwake. Ilikuwa peremende. Mzee Ahmednur alikuwa anamtazama kwa huruma.

"Kula," alinong'ona. "Hizi ni za watu wanaoishiwa nguvu."

Tembo walitoka majini. Walipita chini ya mwamba karibu sana hata Linda aliweza kuona nywele za mkia wa yule mtoto. Walikwenda taratibu, wakapinda kona ya njia, wakaelekea kule kule kwenye mwerezi ulioanguka. Sista Gacheri alimshika Linda mkono na kuubana.

Hatimaye redio ya Akidor ikakwaruza kidogo, na sauti ya Lochoro ikatoka, ya chini, isiyo na haraka. "Niko naye. Tuko juu ya mawe. Wamepita."

Mwalimu Mugendi alikaa chini ghafla, bila kuangalia kama kuna nyoka. Linda akaanza kulia, naye hakujali ni nani anamwona.

Kirimi alirudi akitembea nyuma ya Lochoro, majani kwenye nywele. Alieleza kwamba alipotoka kichakani hakuona mtu. Akakumbuka aliyoambiwa, akakaa, mgongo kwenye gogo, hadi Lochoro alipotokea na kumvuta juu ya mawe. Hawakukaa sana kabla tembo hawajafika. Mmoja aliligusa lile gogo kwa mkonga, mahali pale pale alipokuwa ameegemea.

"Hukuogopa?" Sadiya alimuuliza.

"Niliogopa walipofika tembo. Kabla ya hapo hapana." Kirimi akamtazama Linda. "Nilikuambia, ningojee kidogo. Ukaitikia. Kwa hiyo nilijua utarudi."

Afadhali angemtukana. Linda aliuma mdomo, kisha akamweleza yote, sikio, njiti ya kiberiti na ule ujanja wa kuitikia. "Nisamehe," alisema. "Na asante kwa kukaa pale. Ungetembea, tusingekupata."

Kirimi alijitoa jani kwenye nywele. "Ndiyo maana ulikubali kuosha vile vyoo," alisema mwishowe. "Na mimi nilikuwa nakusifu nyumbani kwamba una roho safi."

Wakacheka wote wawili, machozi yakiwa hayajakauka.

Linda alijivua ile kamba nyekundu na kumrudishia Akidor. Akidor aliipokea, akamvisha Mwalimu Mugendi. Kisha akamchukua Linda hadi mbele ya mstari, karibu na Sista Gacheri na goti lake, na Sadiya na viatu vyake.

"Hii si adhabu," alimwambia wakianza kutembea, akijiweka upande wake wa kulia. "Hapa ndipo pako leo. Unajua kwa nini mbuzi wa baba hawapotei? Mbuzi hafichi mguu unaomuuma. Anachechemea mbele ya kila mtu, nasi tunajua tumtunze vipi. Sisi watu tu ndio tunaoficha."

"Nilitaka sana kuwa mkia, anti."

"Najua. Na uliponiambia ukweli pale juu ya mwamba, ulifanya kazi ya mkia. Ulichelewa, lakini uliifanya."

Linda alitembea akiwa na shukrani nyingi kifuani. Na huko mbele aligundua jambo ambalo hakulitarajia: mtu wa mbele huona kila kitu kwanza. Aliona swala kabla hajakimbia, na nyayo za tembo kabla hazijakanyagwa. Akidor alimweleza yote kwenye sikio zima.

*

Walipofika ofisini, Sista Gacheri aliwasha tochi ya simu na kuchungulia sikio la Linda. Alichungulia kwa muda, kisha akazima.

"Kuna mgeni humu ndani," alisema. "Na ile njiti yako imemsukuma mbali zaidi. Usimguse tena. Unafuga mbuzi nyumbani?"

Jioni ile Linda alimweleza mama yake mwenyewe, kabla mtu mwingine hajamweleza. Mama alisikiliza yote akiwa amesimama na kibuyu cha maziwa mkononi. Hakupiga kelele. Alikaa chini, na hilo lilimwogopesha Linda kuliko kelele.

Kesho yake, Sista Gacheri, ambaye alikuwa amelala mjini kwa ndugu zake, alikutana nao hospitalini. Daktari kijana aliweka matone sikioni, wakangoja, kisha akaingiza koleo nyembamba. Linda alifumba macho na kushika mkono wa mama yake. Kitu kikavutika, kikauma, kikatoka.

Kilikuwa kupe. Alikuwa amevimba, wa rangi ya kijivu, kwenye kipande cha pamba.

"Huyu alipanda kutoka kwa watoto wa mbuzi," daktari alisema. "Unapowabeba begani, hubeba na abiria wao." Akamwandikia dawa ya kumaliza kidonda, akamwambia arudi baada ya wiki. "Umekuja wakati mzuri. Ungeendelea kunyamaza, kidonda kingeingia ndani, na hapo sijui ningekwambia nini."

Linda aliusikia ulimwengu ukirudi. Alisikia viatu vya watu kwenye korido, mtoto akilia chumba cha pili, na adhana ikiita kutoka msikitini mbali. Alimsikia mama yake akishusha pumzi, upande wa kushoto kabisa.

Nje, kwenye benchi, Mama akasema, "Mimi ningekukosesha safari ya siku moja, mwanangu. Wewe ulikuwa tayari kujikosesha sikio la maisha, na kumkosesha Mama Kirimi mtoto wake."

"Nisamehe, Mama."

"Nimeshakusamehe. Nashukuru Mungu uko hapa unanisikia."

Sista Gacheri aliegemea fimbo yake. "Nimefanya kazi wodini miaka mingi," alisema. "Wagonjwa walionisumbua si wale waliolia. Ni wale waliosema niko sawa. Linda, mwili ukikuuma, sema mapema, kwa sababu maumivu yako hayakuhusu wewe peke yako. Kuna watu wanaokutegemea, na hawawezi kukusaidia katika jambo wasilolijua. Ukweli uliousema msituni ulimwokoa mwenzako. Ungeusema asubuhi pale kwenye mduara, asingehitaji kuokolewa."

Linda alizisikia sentensi hizo kwa masikio yote mawili. Alimshukuru Sista Gacheri, akamshukuru daktari, na alipofika nyumbani akamwomba mama yake wawaogeshe mbuzi wote dawa ya kupe kabla ya jua kuchwa. Mbuzi walilalamika sana.

Jumatatu jioni alitoka shuleni pamoja na Kirimi, kama kawaida. Walipofika karibu na soko, Kirimi alizunguka kimyakimya akaja upande wake wa kushoto. Aliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo, kwa kusema kweli, haikuwa imefunguka.

"Ningojee kidogo," alinong'ona.

Linda hakuitikia kwa kichwa. Alisimama, akageuka kumtazama.

"Nimesikia," alisema. "Nakungoja."